KIVUNGULIO CHA GARISSA: TUPIGE HESABU KABLA YA KUPANDA

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mwiga tembo hupasuka msamba. Mpenzi msomaji, methali hii nimeisoma tangu darasa la nne, nikaitumia katika insha nyingi na kupata alama zake. Lakini maana yake kamili niliipata shambani mwa mama yangu, kando ya Mto Tana, nikiwa nimesimama ndani ya nyumba ya nailoni, jasho likinitiririka kama niliyemwagiwa ndoo ya maji.

Nyumba hiyo ndiyo inayoitwa kivungulio. Wengi wetu hapa mjini tunaiita grinihausi, basi tusigombanie jina. Shida yangu leo si jina bali kazi yake. Nataka kuwaeleza wenzangu jinsi kivungulio kinavyoweza kuleta hasara mahali kama Garissa, na jinsi hesabu tunazosoma darasani zinavyoweza kukiokoa.

KISA CHENYEWE

Kikundi cha akina mama ambamo mama yangu ni mwanachama kilipata kivungulio kupitia shirika moja. Shirika lilitoa nguzo, nailoni na mipira ya kudondoshea maji. Kikundi kikatoa pesa za mbegu, mbolea na mafuta ya pampu. Pesa hizo zilitoka kwenye ayuuto, ule mchango wetu wa zamu. Hooyo aliuza mbuzi wawili ili asibaki nyuma.

Walipandikiza miche ya nyanya mwezi wa pili, katikati ya Jilaal. Miche ilishika vizuri ajabu, ikarefuka na kutoa maua ya manjano kochokocho. Akina mama wakaanza kuhesabu makreti kabla ya kuona hata nyanya moja. Basi bwana, baada ya wiki mbili maua yakaanza kuanguka. Ukipita kati ya mistari unayakanyaga chini kama pembe za mahindi zilizomwagwa. Hapakuwa na mdudu wala ukungu, na maji yalikuwepo. Mimi na rafiki yangu tulifunga uzi kwenye maua 50 ili tuyafuatilie, na ni maua 4 tu yaliyogeuka kuwa matunda.

Kikundi kiliketi. Wengine wakasema tubomoe, tuuze nailoni, kila mtu apate chake. Hooyo alinyamaza kimya. Jioni aliniambia maneno ambayo hadi leo yananikaa moyoni: "Mwanangu, wewe ndiye unayesoma. Niambie basi kosa letu liko wapi."

Sikuwa na jibu. Nilimpelekea mwalimu wetu wa Kilimo swali hilo, naye akanituma kwa mwalimu wa Fizikia, na yule wa Fizikia akatukabidhi kipimajoto. Akasema, "Nendeni mkapime kwanza, ndipo tuzungumze."

NYUMBA YA BARIDI KATIKA NCHI YA JOTO

Kabla ya kuwasimulia tulichopima, yafaa tuelewe kivungulio kinavyofanya kazi. Miale ya jua hupenya nailoni, ikaupasha joto udongo na mimea. Udongo huo nao huipasha joto hewa iliyo ndani. Nje, hewa yenye joto hupaa na kuchukuliwa na upepo. Ndani, hewa hiyo haina pa kwenda, hivyo joto huzidi kupanda. Ndiyo hali ile ile unayoikuta ukiingia ndani ya gari lililoegeshwa juani na madirisha yamefungwa.

Katika nchi za baridi kama Uholanzi, hiyo ndiyo faida yenyewe. Hata kule Naivasha, penye vivungulio vingi vya maua, usiku huwa na baridi na joto la ziada lina kazi. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Garissa iko kwenye mita 150 hivi tu. Kwa kawaida, kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6.5 hivi. Piga hesabu mwenyewe: tofauti ya miinuko hiyo miwili pekee ni kama nyuzi 11 za Selsiasi. Ukichukua nyumba ya Naivasha jinsi ilivyo ukaisimamisha hapa, umembebea mtu wa jangwani blanketi zito na kumfunika adhuhuri!

Sasa tumwangalie mnyanya. Mmea huu huzaa vizuri mchana ukiwa na nyuzi 21 hadi 29, na usiku nyuzi 15 hadi 20 hivi. Joto la mchana likipita nyuzi 32 kwa muda mrefu, au usiku usipopoa, chavua huharibika na ua huanguka bila kushika tunda. Jambo lililotushangaza zaidi ni hili: chavua huharibika zaidi wiki moja hadi mbili kabla ua halijafunguka. Kwa hiyo ua linaloanguka leo lilikwisha kuuawa na joto la juma lililopita au la kabla yake. Ukingoja uone maua chini ndipo ufungue madirisha, umechelewa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba dawa si kuona haraka bali kujua mapema. Na kujua mapema ndiko kunakoitwa kubashiri.

MODELI NI NINI?

Msiogope neno hili. Modeli ya ubashiri ni kanuni inayochukua mambo unayoyajua na kukupa jambo usilolijua bado. Wazee wetu wa ufugaji walikuwa nazo zamani. Waliangalia nyota, upepo na miti, wakakadiria Gu itaanza lini na mifugo ihamie wapi. Walikuwa wamekusanya habari za miaka mingi, ila waliziandika kichwani.

Wanasayansi wa Ulaya nao walianza na mambo mepesi. Mwaka 1735, Mfaransa Réaumur alieleza kwamba mmea hukomaa kwa kufuata jumla ya joto uliyopokea, si idadi ya siku peke yake. Mwaka 1948, Howard Penman wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, alitoa kanuni ya kukadiria maji yanayopotea hewani kwa kutumia jua, joto, upepo na unyevu. Kanuni hiyo iliboreshwa baadaye, na mwaka 1998 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliitolea mwongozo ambao wataalamu wa umwagiliaji wanautumia hadi sasa. Mwaka 1991 ilichapishwa TOMGRO, programu ya kompyuta inayokadiria jinsi mnyanya wa kivungulioni unavyokua siku baada ya siku.

Siku hizi mambo yamekwenda mbali. Mwaka 2018, Chuo Kikuu cha Wageningen huko Uholanzi kiliandaa mashindano ya kulima matango kwa kompyuta. Timu ziliendesha vivungulio zikiwa mbali, programu zao zikiamua joto, mwanga, maji na hewa. Timu iliyoshinda iliwapita kwa faida hata wakulima wazoefu waliokuwa wakilima kando yao kwa ajili ya kulinganisha.

Sisi hatukuwa na kompyuta shambani. Tulikuwa na kipimajoto, daftari, na kalamu ya kuazima.

HESABU YA KWANZA: JOTO LA NDANI

Kwa siku 20 tulipima joto saa nane mchana, nje kivulini na ndani ya kivungulio. Kando ya namba hizo tuliandika hali ya anga. Tulipopanga daftari, tuliona mpangilio. Siku ya mawingu mazito, ndani palizidi nje kwa nyuzi 3 hivi. Siku ya mawingu mepesi, nyuzi 6. Siku ya jua kali, nyuzi 10. Hiyo ndiyo ikawa modeli yetu ya kwanza: joto la nje, ongeza 3, 6 au 10 kulingana na anga.

Mwalimu alituonya kwamba kanuni haijaribiwi kwa namba zile zile zilizoizaa. Kufanya hivyo ni kama mwanafunzi kujitungia mtihani, akaufanya, kisha akajisahihishia. Kwa hiyo tulichukua siku nyingine 10. Kila jioni tulisikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, tukaandika makisio yetu ya kesho yake, halafu tukapima. Siku 8 tulikosea kwa nyuzi 2 au chini ya hapo. Siku 2 tulikosea vibaya. Tulipouliza, tukaambiwa kwamba siku hizo upepo ulikuwa mkali na mtu alikuwa ameacha mlango wazi.

Kosa hilo lilitufaa kuliko majibu yote sahihi. Lilituambia kwamba tulisahau kitu kikubwa, nacho ni upepo. Mlango mmoja tu ukiachwa wazi joto linashuka hivyo, je, kuta zote zikiwa wazi?

Machi, joto la mchana hapa Garissa hukaribia nyuzi 37. Ongeza 10. Nyanya za akina mama zilikuwa zikipikwa kwenye nyuzi 47 zingali shambani, lahaula! Tulihesabu pia saa za hatari, yaani saa ambazo joto lilipita 32. Zilikuwa kama 9 kwa siku.

HESABU YA PILI: KIU YA HEWA

Joto halitembei peke yake. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 25 inaweza kubeba gramu 23 za mvuke. Ikifika nyuzi 35 inaweza kubeba karibu gramu 40. Kwa hiyo hewa ikipata joto bila kuongezewa maji, kiu yake huongezeka, nayo huyanywa maji kutoka kwenye majani. Mmea ukizidiwa hufunga vitundu vya majani ili usikauke. Ukivifunga, hauingizi hewa ya kutengenezea chakula, na pia haujipoezi. Ndiyo maana utaona mimea imenyauka saa nane na udongo bado umelowa. Kuongeza maji mizizini wakati huo si dawa, na mara nyingine huozesha mizizi.

Lakini kiu hiyo hiyo ya hewa inaweza kuwa rafiki. Mnajua kwa nini maji ya mtungi huwa baridi? Maji yanayopenya udongo wa mtungi hugeuka mvuke, na yakigeuka huchukua joto. Hewa ya nyuzi 36 yenye unyevu wa asilimia 35 ikipitishwa kwenye kitu kilicholowa, inaweza kushuka hadi karibu nyuzi 24, wala haiwezi kushuka zaidi ya hapo. Siku ya unyevu mwingi, njia hiyo haisaidii sana. Hapo tena unahitaji hesabu ili ujue siku gani maji yako yatakuwa na faida.

Jirani zetu wa Somaliland wameonja jambo hili. Karibu na mji wa Berbera, mwaka 2017, kampuni ya Mwingereza Charlie Paton, inayoitwa Seawater Greenhouse, ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Aston kujenga kivungulio kinachopoza hewa kwa maji ya bahari. Kabla ya kujenga, walitumia modeli za kompyuta kuona upepo na joto vitakavyopita. Badala ya jumba la gharama kubwa, walitumia kuta za kuloweka na wavu wa kivuli, huku umeme wa jua ukiendesha pampu. Maji ya bahari hupoza hewa, na mengine hutolewa chumvi ili kumwagilia mimea. Sisi hatuna bahari, ila funzo lao ni letu: katika nchi ya joto, anza kwa kuuliza hewa itapita wapi.

HESABU YA TATU: TAREHE YA KUPANDA

Hii ndiyo ninayoipenda zaidi kwa sababu haihitaji hata shilingi. Mnyanya hauendelei kukua joto likiwa chini ya nyuzi 10 hivi. Basi kila siku chukua wastani wa joto, toa 10, andika kinachobaki. Wastani ukiwa 27, siku hiyo imekupa pointi 17. Ukiwa 20, kama kwenye nyanda za juu, umepata 10. Wastani ukipita 30, usihesabu zaidi ya 20, maana joto la kupindukia halikuzi mmea bali huutesa.

Mbegu yetu ilihitaji pointi kama 400 kutoka kupandikizwa hadi maua ya kwanza. (Msiinakili namba hii. Kila aina ya mbegu ina yake, na njia ya kuipata ni kuandika.) Kwa pointi 20 za Machi, maua yatatoka baada ya siku 20. Kwa pointi 17 za Julai, ni siku 24 hivi.

Sasa tukarudi nyuma kama anayepanga safari. Miezi yenye nafuu Garissa ni Juni hadi Agosti, mchana ukiwa karibu nyuzi 33 na usiku 21 au 22. Tunataka chavua iumbike na maua yafunguke wakati huo. Hivyo miche iingie shambani mapema Juni, na kitalu kianzwe mapema Mei. Akina mama walikuwa wamepandikiza Februari. Maua yao yalifunguka Machi, mwezi ulio miongoni mwa ile yenye joto kali kabisa. Hawakuwa wavivu wala wajinga. Walipewa kalenda ya mahali pengine.

TULIVYOFANYA

Kwenye kikao cha kikundi nilisimama na daftari langu mikono ikitetemeka. Mama mmoja alicheka, akasema, "Hizo hesabu za shule zitatuuzia nyanya?" Nilimjibu kwa heshima, "La, eedo. Lakini zinaweza kutuambia tusipande lini." Wakatupa msimu mmoja.

Tuliondoa nailoni ya kuta, ikabaki nguzo. Juu tukaweka wavu wa kivuli, pembeni wavu wa kuzuia wadudu. Hapa tulikutana na tatizo jingine. Wavu wenye matundu madogo sana huwazuia inzi weupe, lakini huuzuia na upepo. Wenye matundu makubwa hupitisha upepo pamoja na wageni wasioalikwa, kama yule nondo Tuta absoluta aliyeingia Kenya mwaka 2014. Tulipima kila upande, mwisho tukachagua matundu ya wastani na kutundika mitego ya manjano yenye gundi.

Joto la ndani sasa lilizidi la nje kwa nyuzi 1 tu, mara nyingine 2. Saa za hatari zilishuka kutoka 9 hadi kama 3. Tulifunga uzi tena kwenye maua 50. Safari hii 27 yalishika matunda. Sitawadanganya kwamba tulitajirika. Maua 23 yalianguka, na inzi weupe walituharibia mstari mzima. Hata hivyo mafuta ya pampu yalilipwa, ayuuto ilirudishiwa sehemu ya pesa zake, na hakuna aliyezungumza tena habari ya kubomoa.

MIPAKA YA MODELI

Kuna jambo sharti nilikiri. Modeli haijui usichoiambia. Yetu haijui bei ya nyanya sokoni, wala haijui kama mpira wa maji umeziba. Haijui mto. Mvua za El Niño za mwisho wa mwaka 2023 zilipoleta mafuriko, barabara ya kuingia Garissa kutoka Madogo ilikatika na watu wakavuka kwa mashua. Mashamba mengi ya kando ya Tana yalifunikwa maji. Kipimajoto cha ndani ya kivungulio kisingeona hayo yakija. Kabla yake tulikuwa tumepitia ukame wa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020. Kwa hiyo utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa na maonyo ya mafuriko lazima viwekwe mezani pamoja na daftari lako.

Pia modeli yetu imetuambia jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: Februari na Machi, tuache nyanya. Bamia, kunde na mchicha huvumilia joto hilo vizuri zaidi, tena hazihitaji nyumba.

NAWAACHIA KAZI

Wenzangu, wengi wenu mna wazazi wenye mashamba kuanzia Garissa hadi Bura na Hola. Siwaombi mjenge kivungulio. Nawaomba muwe na daftari. Andikeni joto la asubuhi, la saa nane na la jioni, hali ya anga, tarehe ya kupandikiza, tarehe ya ua la kwanza, na maua mangapi yameshika. Baada ya msimu mmoja mtakuwa na modeli yenu. Baada ya misimu mitatu mtaweza kumshauri yeyote atakayewaletea nyumba iliyopimwa kwa hewa ya kwingine. Na walimu wetu, tunaomba shule inunue vipimajoto vingine vitano, maana hiki kimoja tunakigombania.

Wiki iliyopita nilimkuta Hooyo amesimama mlangoni mwa kivungulio saa nane kamili, kipimajoto mkononi. Hakwenda shule hata siku moja, lakini namba anazisoma. Akaniuliza, "Leo thelathini na tano. Ulisema ngapi jana?"

Nilikuwa nimesema thelathini na nne. Akatikisa kichwa, akaniambia niandike.